Ukurasa wa Pili

Kama uko jikoni, endelea na unachokoroga, mimi nitasema tu. Kama uko ndani ya daladala na redio ni ya dereva, basi mwombeni asihamishe stesheni kwa dakika ishirini hivi.

Wiki iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alichaguliwa chuo. Habari ilimkuta saluni, kichwa nusu kimesukwa na nusu bado. Simu ikatetemeka mapajani: amechaguliwa vyuo viwili, aamue kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia hii hapa. Akapiga skrinishoti, akaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kabla msusi hajamaliza mstari mwingine, hongera kama thelathini zilikuwa zimeshaingia. Na mimi niliweka yangu, pamoja na ile emoji ya mikono inayopiga makofi. Jioni nikampigia.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Enhe, barua inasemaje?"

Kimya kidogo. "Barua gani, mjomba?"

Basi swali hilo ndilo lililonikalisha mbele ya kipaza sauti hiki leo.

Sikuja kulilia bahasha. Bahasha zilitutesa, nitawasimulia. Nimekuja na jambo dogo tu: mtu akikuambia anaikumbuka barua yake ya kuchaguliwa chuo, anakumbuka nini hasa ndani yake? Tangu Jumatatu nimekuwa nikiuliza watu. Nimeuliza hapa studio, nimeuliza kwenye foleni ya benki, nimemuuliza hata fundi viatu wa pale kona, ambaye kumbe ana cheti cha ualimu. Hakuna hata mmoja aliyenisomea mstari wa kwanza. Ile "tunayo furaha kukuarifu" imefutika vichwani mwao wote. Lakini mama mmoja wa makamo, mhasibu, alinijibu hata sijamaliza kuuliza: "Shuka mbili nyeupe na jembe lenye mpini." Miaka thelathini na ushei imepita! Mwingine akasema, "Sahani ya bati, si ya udongo." Fundi viatu akasema yeye aliandikiwa aende na ndoo, akaenda na ndoo yenye tobo, akawa analiziba kwa sabuni ya mche muhula mzima.

Ndiyo maana nasema barua ya chuo ina kurasa mbili. Wa kwanza ni wa chuo: nembo, kumbukumbu namba, sahihi ya msajili. Wa pili ni wa nyumbani kwenu.

Yangu ilikuja mwaka 1992. Nilikuwa nimetoka JKT, mujibu wa sheria, mwaka mzima, nimerudi nyumbani Umatengo, wilaya ya Mbinga, mweusi kuliko nilivyoondoka na mwembamba kama ufito. Kazi yangu ikawa kuchuma kahawa na kungoja. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa na sanduku lake la posta. Anwani yetu sote ilikuwa ya chama cha msingi, kile kinachopokea kahawa. Uandike barua Songea, uandike Ulaya, jibu lilikuja kwa karani wa chama, na karani alikuwa na mizani, stakabadhi, magunia, na madeni ya kijiji kizima kichwani. Barua za watu alizichomeka ndani ya daftari la kupimia, ukurasa wowote uliofunguka.

Ya kwangu ililala humo wiki tatu. Nilikwenda kuulizia mara nne, na mara zote nne karani alinyanyua macho, akatikisa kichwa, akarudi kwenye mizani yake. Ilikuja kuonekana siku baba alipopeleka kahawa na kutaka aangaliziwe uzito wa mwezi uliopita. Karani akafunua kurasa za nyuma, bahasha ya kaki ikadondoka juu ya mizani. Baba alipenda kusimulia kwamba mshale ulicheza. Sidhani. Lakini alisimulia hivyo hadi uzee wake, na mimi sikumbishia hata siku moja.

Hakuifungua. Ilikuwa na jina langu, si lake. Alikuja nayo kwenye mfuko wa shati, kifungo kimefungwa, akanikuta uani nikianika kahawa. Akasema, "Una mgeni." Akaitoa.

Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Nyumbani siku ile aliyekijua Kiingereza ni mimi peke yangu. Kaka yangu alikuwa mbali kikazi. Kwa hiyo niliisoma kwanza kimoyomoyo, nyumba nzima ikinitazama mdomo, kisha nikaanza kuitafsiri kwa sauti. "Nafurahi kukuarifu," nikasema. Bibi yangu, aliyekuwa akipepeta maharage, akasimamisha ungo.

"Nani huyo anayefurahi?"

"Msajili wa chuo, bibi."

"Anatujua?"

"Hatujui."

"Sasa amefurahi nini?"

Hakuwa anatania. Kwake yeye, mtu haanzi kutangaza furaha yake kwa watu asiowajua, hajauliza hata habari za nyumbani. Mpaka leo nikiona "tunayo furaha kukuarifu" kwenye karatasi yoyote, hata ya benki inayonipandishia riba, naisikia sauti ya ungo ikinyamaza.

Ukurasa wa kwanza ukaishia hapo. Dakika mbili. Mama akapiga kigelegele kimoja, kirefu, jirani wa ng'ambo ya bonde akakiitikia bila kujua ni cha nini. Ukurasa wa pili ulichukua wiki tano.

Ulikuwa orodha. Baba akaniamuru niitafsiri kwa maandishi, kitu kimoja mstari mmoja, herufi kubwa, pembeni mwa karatasi ileile. Akachukua penseli ya seremala, ile bapa nyekundu, akaweka nukta mbele ya kila mstari. Kitu kikipatikana, nukta inageuzwa vema. Akaibandika karatasi ukutani kwa gundi ya ugali, juu ya kiti chake, na tangu siku ile kila aliyeingia kutusalimia alisomewa.

Picha nne za pasipoti. Hizo ni Songea, kilomita kama mia moja za vumbi juu ya lori la magunia. Mpiga picha akanivalisha tai ya dukani kwake. Barua haikutaja tai, lakini yeye aliona mtu wa chuo hawezi kupigwa shingo tupu, na tai ile ilikuwa imeshapita kwenye shingo za wilaya nzima. Picha ya kifua kwa eksirei. Hiyo ni hospitali ya misheni, asubuhi, na asiyeijua baridi ya Umatengo ya mwezi wa saba asinihurumie kwa mdomo tu. Nikaegemeza kifua wazi kwenye kile chuma, sista akaniambia usipumue. Kwa jinsi nilivyoogopa kuharibu picha, aliponiambia nipumue sikumsikia, ikabidi aje anishike bega.

Shuka mbili. Moja ilitoka kwa shangazi, nyeupe, ya harusi yake, iliyokuwa imekaa kwenye sanduku na vipande vya sabuni ili inukie. Aliileta mwenyewe, akasema imengoja mtu wa kuisafirisha. Ya pili ilinunuliwa, na ndiyo iliyochanika mwanzo. Sanduku la kufungia vitu, tranka, alilitengeneza fundi wa kijijini kwa madebe ya mafuta ya kupikia aliyoyapasua na kuyanyoosha. Kwa nje alilipaka rangi ya kijani. Ukilifungua, ndani ya kifuniko wafadhili walikuwa bado wanakukataza kwa Kiingereza kuuza mafuta yale.

Kisha nauli. Hapo baba akakwama, na hakukwama kwa umaskini tu. Kaka yangu aliyenitangulia hakulipa nauli. Enzi zake mwanafunzi alitumiwa waranti pamoja na barua, anaonyesha kile kikaratasi, anapanda gari, serikali inamalizana na wenye gari huko mbele. Baba akaichukua bahasha yangu, akaigeuza kichwa chini, akaitikisa. "Waranti iko wapi?"

Haikuwamo. Mliosoma miaka ile mnakumbuka. Mwaka wa masomo 1992/93 ndio serikali ilipoanza uchangiaji gharama katika elimu ya juu, na awamu ya kwanza ilimtwika mwanafunzi nauli yake, ada ya kuomba nafasi na ya kusajiliwa, ada ya umoja wa wanafunzi na vikorokoro vingine. Mijini watu walilipata neno "uchangiaji" kwenye hotuba na magazeti, wakabishana. Sisi tulilipata kwenye bahasha iliyotikiswa isitoe kitu. Nimewahi kusoma maelezo mengi ya wachumi kuhusu mabadiliko ya miaka ile, marefu na ya maana, lakini kichwani mwangu mabadiliko yale yana umbo moja: mzee ameshika bahasha kichwa chini.

Na mstari wa mwisho wa orodha: fedha ya tahadhari.

"Tahadhari ya nini?" baba akauliza.

"Nikivunja kitu cha chuo wanakata humo, baba. Nisipovunja, nikimaliza wananirudishia."

Akafikiri. "Kwa hiyo ni mkopo. Sisi ndio tunawakopesha wao."

"Ni kama hivyo."

"Basi usivunje kitu."

Fedha hiyo ilitoka kwenye malipo ya pili ya kahawa, ambayo mama alikuwa ameshayapigia hesabu ya bati za jikoni. Jiko likabaki la nyasi msimu mwingine mmoja. Mama hakusema neno. Alikwenda tu kukata nyasi mpya. Na baba hakuweka vema kwenye mstari ule. Fedha ilipatikana, ikahesabiwa, ikafungwa kwenye kitambaa, yeye akaiacha nukta yake vilevile. Nilipomkumbusha akasema, "Hiyo bado. Hiyo mpaka irudi."

Nasikia Marekani, zama za karatasi, kijana alijua jibu kabla hajafungua: bahasha nene, umepata, maana ndani mna fomu, bahasha nyembamba, pole. Nawaonea wivu, si kwa bahasha nene. Kwa ile nyembamba. Kwetu sisi, aliyekosa hakuandikiwa.

Nilikuwa na mwenzangu tuliyemaliza naye kidato cha sita, tukaenda wote JKT, tukarudi kwa gari moja. Gari lililobeba mfuko wa posta lilipita kwetu Jumanne na Ijumaa. Kila Jumanne na kila Ijumaa alikuwa pale chamani kabla yangu. Barua yangu ilipopatikana ndani ya daftari, yeye ndiye aliyefurahi kuliko mimi, kwa sababu ilimaanisha na yake huenda imo humo. Karani kwa aibu akamruhusu afunue daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Kahawa ikaisha kuchumwa. Mvua za kwanza zikaja, watu wakaingia mashambani kupanda, naye akawa anakwenda Ijumaa tu. Kisha hata Ijumaa akaacha. Hakuna siku aliyoambiwa umekosa. Ilimbidi ajiambie mwenyewe, na siku ya kujiambia aichague mwenyewe.

Siku ya safari alikuja kunibebea tranka hadi barabarani. Tulipokuwa tunangoja gari aliniuliza kitu kimoja: "Hiyo karatasi yenyewe ni nzito?" Nikaitoa nikampa. Akaipima kiganjani, hakuisoma, akanirudishia.

Kwa hiyo kwenye hili msinitafute niisifu zamani. Mfumo wa siku hizi una kasoro zake, hasa usiku wa mwisho wa dirisha la maombi mtandao unapogoma, lakini unamwambia mwombaji kwamba hakuchaguliwa, na kwamba dirisha linalofuata lina nafasi hizi na hizi, ajaribu tena. Ujumbe mkavu, hauna hata pole. Lakini umekuja, na umekuja siku inayojulikana.

Wakubwa zetu walipokea barua za namna nyingine kabisa. Baada ya Azimio la Musoma, Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakupita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. JKT kwanza, kisha kazini miaka miwili, na mwajiri pamoja na tawi la chama tawala waandike neno jema juu yake. Wasichana walikuja kulegezewa mapema. Kwa hiyo barua ilimkuta mtu ofisini, ana mshahara, pengine ana mke na mtoto anayetambaa. Mzee mmoja aliyepata kuwa mkubwa wangu wa kazi alinisimulia kwamba yake aliisoma mara ya kwanza kwa furaha, na mara ya pili kwa hesabu. Na mstari uliomkaa maisha yote ulikuwa wa malazi: atapewa chumba cha watu wawili. Alipomsomea mkewe, mkewe akauliza, "Huyo wa pili ni mimi?"

Waliotangulia kabisa, wale wa Oktoba 1961, waliitwa kwenye chuo ambacho hakikuwa na majengo yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa tawi lililofungamana na Chuo Kikuu cha London, kilianzia ndani ya jengo la TANU, mtaa tunaouita leo Lumumba, na kule Mlimani kilihamia mwaka 1964. Walikuwa wanafunzi wa sheria tu, idadi yao haitoshi timu mbili za mpira. Najaribu kuwaza mzazi wao akiuliza chuo chenyewe kikoje, na kijana akijibu: ni ghorofa la chama.

Na ng'ambo ya mpaka, Kenya, kuna kisa ambamo ukurasa wa kwanza na wa pili zilitenganishwa na bahari nzima. Septemba 1959 ndege iliwateremsha New York wanafunzi 81 katika mpango uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya. Vijana walikuwa na barua za vyuo vya Marekani. Barua zilisema karibu, hazikusema utafikaje. Basi barua ikazaa barua. Huku nyumbani watu waliuza mifugo na kuchangishana kwenye karamu za chai. Kule Marekani, Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi zao kwenye barua ya kuomba michango ya nauli ya ndege. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na katika vijana wa mwaka huo wa 1960 alikuwamo binti aliyekwenda chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas. Huyo ni Wangari Maathai. Hebu fikiria mama wa Nyeri anaangalia karatasi iliyotoka Kansas. Nani huyo anayefurahi? Anatujua?

Narudi kwa mpwa wangu.

Siku mbili baada ya saluni aliingia kwenye akaunti yake ya chuo, akapakua maelekezo ya kujiunga, akaenda kuyachapa steshenari. Kurasa kumi na moja. Akazipiga picha, akaziweka kwenye kundi lilelile la familia: ada, malazi, bima ya afya, usajili, vitambulisho, shuka. Wasikilizaji, lile kundi lilinyamaza. Hongera thelathini siku ya kwanza. Safari hii vema mbili za bluu, zile mnazoziita tiki. Watu wameona. Kila mtu ameona. Kimya. Nami nimo kwenye kundi, na sikujibu mpaka usiku, nilikuwa napiga hesabu. Aliyevunja kimya ni mama yetu mkubwa, ambaye hajawahi kuandika ujumbe maishani mwake, yeye hutuma sauti. Kwanza akakohoa, kisha jogoo akawika nyuma yake, kisha akasema, "Shuka msinunue. Nitashona mimi." Baada ya hapo wengine wakaanza: mmoja ndoo, mmoja nauli, mmoja akasema bima aachiwe yeye. Mpwa wangu akaichapa orodha upya, akawa kila kitu kikipatikana anakiwekea kialama cha kijani, anairudisha kundini.

Lakini mstari mzito zaidi haumo kwenye zile kurasa kumi na moja. Uko Bodi ya Mikopo. Tangu bodi hiyo ianze kazi mwaka 2005, nyumba nyingi zinapokea habari mara mbili, na ya pili ndiyo yenye uzito. Dada yangu hakumuuliza binti yake anakwenda kusoma nini. Aliuliza, "Mkopo umetoka?" Bado haujatoka. Orodha zinatoka kwa awamu, na kila awamu inapotoka nyumba nzima inalala macho inasubiri mtandao ufunguke. Mkiona mtu mzima miaka ishirini ijayo anasimulia barua yake ya chuo, nadhani atawatajia asilimia aliyopangiwa, mpaka nukta zake.

Hapa naomba niseme na wasajili, kama mnanisikia. Maelekezo yale ya mpwa wangu, kurasa zote kumi na moja, ni Kiingereza kitupu. Anayeyasoma anakijua, sawa. Anayeyalipia je? Dada yangu alikaa na binti yake kitandani, akitafsiriwa mstari mmoja mmoja, kama nilivyomtafsiria baba yangu mwaka 1992, na mimi niliamini tumeshatoka huko. Wekeni hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa mzazi. Mwambieni gari linashusha wapi, mtoto akifika usiku aende kwa nani, nini anunue leo na nini kingoje. Hamtapungukiwa heshima.

Nasema hivyo nina ushahidi. Kuna kitu sijawaambia kuhusu barua yangu. Iliandikwa kwa taipu, kwa stensili, wote tulipata ileile, nafasi ya jina ikajazwa kwa mkono. Lakini chini kabisa ya ukurasa wa pili, chini ya orodha, mtu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu. Sijui nani. Karani wa masjala, pengine, aliyetazama anwani ya bahasha akaona ni mbali. Aliandika kwa Kiswahili: "Gari likifika usiku, lala kituoni hadi kuche, usitembee na mzigo." Hakutia jina.

Niliusoma mstari ule bila kuutafsiri, haukuhitaji. Bibi alikuwa amesharudi kwenye maharage yake. Akasema, bila kuinua kichwa, "Huyo sasa ndiye aliyefurahi."

Gari kweli lilifika usiku. Nililala kituoni, juu ya tranka.

Nikasoma miaka mitatu. Chuo sikitaji, maana nina neno nacho kidogo. Nilipomaliza nilikwenda kudai fedha yangu ya tahadhari. Nikapanga foleni, nikatia sahihi, nikapewa pungufu. Kuuliza, nikaambiwa kwenye korido yetu kulivunjika kioo cha dirisha mwaka wa pili, mvunjaji hakupatikana, gharama imegawanywa kwa wote tuliokaa upande ule. Nilibishana mpaka dirisha la mhasibu likafungwa. Kilichobaki nikakifunga kwenye bahasha, nikampa mtu wa kwetu aliyekuwa anasafiri, na kikaratasi cha kumweleza baba yaliyotokea: kioo, si mimi, nilikuwa nimelala. Hakujibu. Hakuwa mtu wa kuandika barua.

Alipofariki tulifungua sanduku lake la nyaraka. Stakabadhi za kahawa za miaka yote, cheti cha ubatizo, kadi ya chama, na ule ukurasa wa pili, umebanduliwa ukutani, gundi ya ugali imekauka kwa nyuma kama ganda. Vema zote zimo, za penseli nyekundu, moja kwa kila mstari. Ila mstari wa mwisho nukta imegeuzwa vema kwa kalamu ya wino wa bluu. Pembeni ameandika kiasi kilichorudi, ametoa kwenye kiasi kilichokwenda, jibu kalipigia mstari mara mbili. Na mbele ya jibu, maneno manne: "Kioo. Anasema si yeye."